Batri ya Baba Yako Ilikuwa Imejaa

Katuba, Lubumbashi, Jumatano mchana

Leontine wangu,

Kesho asubuhi utapanda lori la Papa Kambale, na kabla hamjafika Likasi dereva atakuwa amekusimulia jambo fulani kuhusu mama yako. Unawajua madereva, habari haikai tumboni mwao. Na jambo lenyewe ni la kweli. Lakini nataka ulisikie kwangu kwanza, ndiyo maana nimekutuma mapema hivi ukawaage wanakwaya. Ile habari ya kumrudishia mama mwenyekiti sahani zake ilikuwa kisingizio tu. Nimefunga duka. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani la biolojia, lile lililobaki na kurasa nyeupe nyuma, na baba yako yuko uani anashona soli ya kiatu chako cha safari.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua. Wewe ndiye muuguzi, mimi nitakufundisha nini hapo?

Naandika kwa Kiswahili cha kanisani, kile ninachosomea masomo ya Misa, kwa sababu kile chetu cha nyumbani nikikiona kwenye karatasi naona haya, kama mtu aliyetoka barabarani na kitenge cha kulalia. Lakini watu wakisema, nitawaacha waseme walivyosema, "bao" pale kanisani tunaposema "wao".

Jambo lenyewe ni hili. Batri ya baba yako haikuisha. Ile siku aliyobaki nyuma kwenye barabara ya Mitwaba, wewe ukiwa na miaka tisa, batri ya tokiwoki yake, redio yake ya mkononi, ilikuwa imejaa. Mimi ndiye niliyekosea kuipanga ile redio.

Najua utarudia kusoma hayo maneno mara mbili. Umekua ukijua kwamba baba yako alisahau kuchaji. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa lile jina la Papa Batri, na mtaa mzima ukalichukua. Mwezi uliopita, kwenye sherehe ya diploma yako, ulisimama na glasi ya fanta mkononi ukawaambia wageni: "Mi sitasahau kuchaji kama papa!" Watu wote walicheka, na baba yako alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho. Ulinitafuta kwa macho ukaona sipo. Nilikuwa jikoni, nimeshika sufuria ya bukari ya wageni bila kujua niliishikia nini.

Sasa nikueleze tangu mwanzo.

Unajua kwamba babu yako, baba yangu, alikuwa mtu wa foni, ile redio ya kuitana, kwenye stesheni ya reli huko kaskazini. Mashine yake ilijaa meza nzima, na mimi nilikuwa nakaa chini ya ile meza kama wewe ulivyokuwa unakaa chini ya yangu ukikusanya skrubu zilizoanguka. Nilimsikia kila siku akisema treni gani imetoka na ina mabehewa mangapi, kisha anangoja. Hakufunga ujumbe hata mmoja kabla yule wa upande wa pili hajaurudia wote kwa sauti yake. Hata mvua ikinyesha, hata akiwa na homa. Nilikuwa nachoka kumsikiliza. Nilijiambia huyu mzee anapenda kusumbua watu. Nakuambia haya ili ujue kwamba sikukosea kwa kutojua. Nilifundishwa nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe.

Zile tokiwoki ndogo za bei rahisi zilipoanza kuingia kutoka mpakani Kasumbalesa, kwenye maboksi, pamoja na simu na taa za jua, mafundi wa hapa Katuba walikuwa wanaziuza kama zilivyotoka kiwandani. Mtu ananunua mbili, anabonyeza, anasikia makelele ya watu wa soko zima, anazirudisha. Mimi nikakopa kompyuta ya parokia, nikanunua kebo yake, nikakaa wiki mbili nikijifunza kuzipanga: chaneli hii iwe ya msafara, hii iwe ya hatari, hizi nyingine zifungwe ili mtu asijikute anaongea kwenye masafa ya askari. Mwanamke fundi redio! Watu walikuwa wanapita dukani kuniangalia tu. Nilipenda, Leontine. Sitakudanganya, nilipenda sana kuangaliwa.

Papa Kambale alikuja kwangu kwa sababu hiyo. Alikuwa ametoka Kivu ya Kaskazini na lori moja, na wakati huo alikuwa na matano. Mtu wa sala, asiyekunywa, asiyepiga kelele, na asiyesamehe uzembe. Baba yako alikuwa dereva wake kwa miaka sita.

Ule mwaka watu wenye silaha walitoka porini upande wa Mitwaba. Vijiji vilichomwa. Mnara wa simu ulianguka na hakuna aliyekwenda kuusimamisha. Hapa mjini tulikuwa tunasikia habari tano tofauti kwa siku moja, na asubuhi watu wapya walikuwa wakiingia kwenye uwanja wa parokia na magodoro vichwani. Papa Kambale aliamua kupeleka malori yote matano, yaende na chumvi na sabuni, yarudi na mahindi na watu. Alinunua tokiwoki tano, akatafuta karatasi ya ruhusa serikalini, akaniletea.

"Mama Leontine, nataka madereva basikilizane bao tu. Sitaki makelele ya bantu bengine."

Nikamwambia: "Patron, hakuna muntu ataingia."

Hapo nieleze kidogo, kwa sababu ndipo kosa lilipolala. Tokiwoki hizi zina kitu tunachokiita toni. Ni mlio mdogo ambao sikio halisikii, unatoka pamoja na sauti yako. Redio ya mwenzako ukiipanga ingoje ile toni, itabaki kimya kwa kila mtu mwingine, itafunguka kwako tu. Lakini kuna mahali pawili pa kuipanga: kuna toni ya kupokea na toni ya kutuma. Ukiweka ya kupokea ukasahau ya kutuma, utawasikia wote, na hakuna atakayekusikia. Wewe hutajua. Redio itawasha taa yake nyekundu ukibonyeza, kama kawaida, na utaongea kama kawaida.

Nne nilizipanga kwa kompyuta. Ya tano kebo ilikataa kushika, umeme ulikuwa unakwenda na kurudi, malori yalikuwa yameshawashwa moto kule depo. Ya tano nikaipanga kwa vidole, kwa vile vitufe vyake vidogo, huku naongea na mteja mwingine. Nikaweka toni ya kupokea. Hiyo ya tano nikampa baba yako, kwa kuwa niliona aibu kumpa mtu mwingine redio iliyonisumbua. Yake angenirudishia tu nyumbani kama ina neno.

Nikamtuma avuke barabara, asimame pale kwenye pampu ya maji, nikabonyeza moja ya zile nne: "Papa Leontine, unanisikia?"

Alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma, mdomo umejaa. Akainua kidole gumba.

Nikatosheka. Unaona? Alinisikia kweli. Ningengoja ameze, aniambie neno moja tu kwa redio yake, ningejua papo hapo. Muhindi unachukua muda gani kumezwa? Lakini nilikuwa nimeshageukia kazi nyingine, na nilikuwa nacheka, kwa sababu alikuwa mzuri pale kwenye pampu na kofia yake nyuma ya kichwa.

Kwenda walikwenda salama, wakiwa karibu karibu, na dereva wa mbele ndiye aliyekuwa anaongea, wengine wanamfuata. Hakuna aliyegundua kwamba baba yako hajibu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wakati wa kurudi alikuwa wa mwisho kwenye msafara. Juu ya mahindi alikuwa amepakia watu watatu: mama mmoja kijana aliyeitwa Feza, na mtoto wake wa mgongoni, na mzee aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, aliyekuja na sanduku la vitabu na hakutaka kuliacha. Walipovuka daraja moja la miti, gurudumu la nyuma likazama, springi ikakatika. Malori mengine yalikuwa yameshapinda mbele ya kilima.

Baba yako akabonyeza, akawaita. Kimya. Halafu akawasikia wao wakimwita.

"Ilunga, uko wapi? Ilunga, jibu."

"Niko hapa, nyuma ya daraja! Springi imekatika!"

"Ilunga, Ilunga. Haiko anajibu."

"Niko najibu! Mungojee!"

"Labda batri yake imekufa."

Kisha ikasikika milio ya bunduki, si karibu, upande wa mto. Akawasikia wakibishana. Mmoja alisema warudi. Mwingine akasema wana watu zaidi ya sitini kwenye malori manne, kuna watoto. Yule wa mbele, mtu mzuri, rafiki yake wa miaka, akasema: "Mungu atamuchunga. Tuendeni." Na baba yako alikuwa anasikia yote hayo, mwanangu, kwa sauti safi, redio niliyoipanga mimi. Aliwasikia mpaka sauti zikaanza kukatika, na zikaisha.

Waliliacha lori. Walipita porini kwa siku mbili, wakikwepa barabara, na mvua usiku wote. Baba yako alikuwa amekanyaga kisiki kilichokatwa, kikaingia kwenye mguu. Mwalimu alitembea siku nzima ya kwanza. Siku ya pili walimbeba kwa zamu, baba yako na Feza, na mtoto akiwa mgongoni mwa Feza. Walifika misheni jioni. Masista wakawapokea. Mwalimu alikufa kesho yake kwa homa ya kifua, kitandani, na vitabu viwili alivyokuwa amevitoa kwenye sanduku na kuvitia ndani ya koti.

Sijui kama angepona iwapo wenzao wangewasikia na kurudi. Pengine wangerudi wote wakauawa pale darajani. Nimelipima hili jambo kwa miaka mingi, kila upande, na halikai. Nakuambia tu kwamba aliishi, alikuwa na vitabu, na redio haikufanya kazi yake.

Wewe unakumbuka zile siku tano tulizongoja. Ulikuwa unakaa kizingitini na daftari, hukutaka kuingia hata kula. Halafu pikipiki ya misheni ikaingia na baba yako nyuma, mguu umefungwa kama mtoto mchanga. Ulimrukia mpaka akaanguka. Nadhani hukuona kwamba mkono mmoja alikuwa ameushikilia kwenye shati. Alikuwa ameificha ile tokiwoki.

Ulipolala alinipa.

"Mama Leontine, angaria hii kintu. Mi nilibasikia bote. Bao habakunisikia."

Niliifungua menyu pale pale. Ya kupokea ipo. Ya kutuma, hakuna. Nilikaa chini, sakafuni.

"Ni mi," nikamwambia. "Ni mi nilifanya."

"Nilijua kule kule," akasema. "Ile siku ya kwanza, nikiona namna bao banasema."

"Na ulikuya nayo mbali vile? Si ungeitupa?"

"Ningeitupa namna gani? Iko kazi yako."

Nikasema asubuhi nakwenda kwa Papa Kambale kumwambia. Akakataa. Akasema yeye ameshaona la kufanya: atasema alisahau kuchaji. "Mi dereva, nitapata kazi ingine. We, bakisema ulifanya muntu akufe, nani tena atakuletea redio? Na mutoto atasoma na nini?" Nikalia, nikasema hapana, nikasema hapana mara nyingi. Kisha nikanyamaza. Asubuhi akaenda peke yake na ule mguu, na mimi nikamwacha aende.

Papa Kambale alimfukuza kazi uani pa depo, mbele ya madereva wote. Alimwambia mtu asiyechunga redio yake hawezi kuchunga lori. Baba yako aliitika tu: "Ndiyo, patron."

Kazi nyingine ya udereva hakuipata. Mguu ulipona vibaya, unauona mwenyewe anavyotembea. Akaanza kushona viatu pale uani. Na mimi duka langu likakua. Nilikuwa fundi asiyekosea. Papa Kambale aliniletea kila redio yake, na marafiki zake wakaniletea zao, na shule yako ikalipwa, na ile ya uuguzi pia.

Utaniuliza mbona sikusema baadaye, wakati duka limeshasimama, wakati hatukuwa tena na hofu ya kula. Hapo ndipo sina la kujitetea. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa ajili yako. Miaka iliyofuata nilinyamaza kwa ajili yangu. Nilikuwa nimezoea. Baba yako hakulalamika hata siku moja, na mtu asiyelalamika ni rahisi kumsahau. Ulipoleta lile jina la Papa Batri, alicheka akalipokea, na mimi nikaona: basi, yeye mwenyewe analiona jambo dogo. Nilitaka kuona hivyo.

Na kuna kitu kingine ambacho sijui nikiweke wapi. Baba wa watoto wengine wa hapa mtaani walikuwa barabarani, wiki mbili Kasumbalesa kwenye foleni, wiki moja Kolwezi. Wako alikuwa uani. Yeye ndiye aliyekusuka nywele asubuhi, vibaya, mpaka mwalimu akakuuliza nani amekufanyia hivyo, nawe ukasema kwa kujivuna: papa. Alikushikia kitabu cha viungo vya mwili huku anapiga misumari, akikuuliza majina ya mifupa kwa Kifaransa ambacho hakukisoma. Ulipata baba wa nyumbani kutokana na kosa langu. Siwezi kushukuru, na siwezi kusema natamani isingekuwa hivyo. Nakuachia kama kilivyo.

Sasa mambo yamevurugika tena. Unajua mwenyewe, ndiyo maana wanakuhitaji kule. Watu wamejaa Mitwaba na vijiji vya mbele, kituo cha afya hakina hata mkunga, mnara wa simu unafanya kazi ukijisikia. Ulipokuja na barua ya kuitwa ukasema utakwenda, sikukuzuia, kwa sababu usoni nilikuona umeshaamua. Wiki iliyofuata Papa Kambale akaingia dukani na tokiwoki nane mpya. Akaziweka mezani.

"Mama, ni msafara wa mutoto wako. Uzitengeneze kama siku zote. Mi sina wasiwasi na kazi yako."

Nilizitazama zile nane. Nikamwambia akae. Hajawahi kukaa dukani kwangu, hana muda, lakini alikaa. Nikamwambia yote. Niliongea nikiangalia kebo, sikuweza kumwangalia usoni. Nilipomaliza ndipo nikainua macho. Amezeeka, Leontine, kipara chake kimezungukwa na mvi.

Akasema: "Nilimufukuza mbele ya bantu."

"Ndiyo, patron."

"Na alisema tu ndiyo."

"Ndiyo."

Akasimama akatoka bila kuaga, na zile redio zikabaki mezani. Nilidhani atamtuma mtu azichukue.

Jioni ile ile alikuja nyumbani kwa miguu kutoka kituo cha basi, gari lake liko wapi sijui. Wewe ulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Baba yako alitaka kusimama, yeye akamshika bega akamzuia, akajiketia kwenye kile kigoda cha wateja wa viatu, na suti yake.

"Ilunga, sababu gani haukunambia?"

"Ungenifukuza mi, au ungemufukuza yeye. Nilichagula."

"Ningebafukuza bote babili," Papa Kambale akasema, na baba yako akacheka, na yule mzee naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Akavua miwani. "Unisamehe. Nilikutukana mbele ya bantu. Nitakuomba pardon mbele ya bantu."

"Patron, ni mambo ya zamani."

"Kwangu mi nimeisikia leo."

Jumatatu tulikwenda depo, sisi wawili. Ulitushangaa tulivyovaa, nikakuambia ni mkutano wa parokia. Huo, na zile sahani za leo, ndio uongo wangu wa mwisho kwako katika jambo hili. Papa Kambale aliwakusanya madereva na mafundi wote, akasema kwa sauti kwamba Ilunga hakuzembea, kwamba redio yake ilisikia bila kusikika, na kwamba yeye alimwonea, na akamshika mikono yote miwili. Yule rafiki yake aliyekuwa mbele ya msafara bado yupo, meno yamepungua. Aliinama akalia wazi wazi, akisema: "Ulikuwa unatusikia? Siku ile ulikuwa unatusikia?" Baba yako akamwambia: "Nilikusikia ukiniombea." Hilo tu.

Kisha ikawa zamu yangu, nikasema langu. Hawakunipigia makofi. Wengine waliniangalia kama wanavyomwangalia mtu waliyemdhania mwingine. Madereva wawili walisema hawataki tena redio iliyopita mkononi mwangu, na Papa Kambale hakuwakatalia. Kazi amenibakishia, lakini mtu mwingine atajaribu kila redio baada yangu, karibu na mbali, kwa sauti, kwenda na kurudi, kabla lori halijatoka. Nimekubali. Iliniuma siku moja. Siku ya pili nikagundua kwamba nimelala vizuri.

Ndiyo hayo watakayokusimulia njiani. Wataongeza chumvi yao.

Redio yako ni ile yenye utepe mwekundu. Nimeipanga, na wengine wawili wameijaribu. Usiamini mtu akikuambia toni inaficha maneno yenu. Zamani niliwaambia madereva hivyo kwa majivuno, na haikuwa kweli. Toni inakufungia sikio wewe, haimfungii anayetaka kukusikiliza. Na hii redio haifiki Lubumbashi. Inafika kilima kimoja, viwili hewa ikiwa safi. Nisingependa ukae jioni unaniita, ukidhani labda mama anasikia ila hajibu. Nikiwa na neno nitaliandika na kumpa dereva, nawe ufanye hivyo.

Huko utakosea. Utampa mgonjwa dawa isiyo yake, au utachelewa, au utachoka na kumwamini mtu aliyetikisa kichwa tu. Hutaweza kuzuia yote. Lakini ikitokea, nenda ukaseme siku hiyo hiyo, kabla mtu anayekupenda hajajitolea kulibeba badala yako. Mtu huyo akishalibeba, hutajua tena namna ya kumpokea mzigo. Mimi ilinichukua miaka kumi na miwili na redio nane mezani.

Ukinikasirikia, kasirika. Usinihurumie upesi. Ukitaka kuniuliza kitu kesho pale depo, niulize hata mbele ya madereva.

Nimemwita baba yako sasa hivi nikamsomea haya yote, kwa sababu ni habari yake kuliko yangu. Amesikiliza mikono yake ikiwa juu ya kiatu chako. Nilipofika pale malori manne yalipoondoka, amenisimamisha.

"Hapo haujaandika yote."

"Nini imebakia?"

"Kiisha bao kuenda, mi niliendelea kusema mu ile tokiwoki. Njia yote. Kila tukikaa kupumuzika, mi nabonyeza nasema."

"Na nani? Hakuna mwenye alikuwa anakusikia."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nasema na we."

Miaka yote hii sikujua. Nimemuuliza alisema nini. Ameangalia chini, amecheka, akasema ni mambo mengi, mengine ya nyumbani tu, mengine ya kuona haya kwa umri wetu. Nimemwambia nataka kuyasikia yote, hata yale ya haya. Ameweka kiatu pembeni, amevuta kiti, ameanza pale darajani, siku ya kwanza, neno la kwanza.

Naacha kalamu, mwanangu, nimsikilize.

Mama yako